Kilti ya Kiskoti: ya ukoo au ya wote, sufu au akriliki, kununua au kukodi?

Mtanzania au Mkenya anayeishi Glasgow, Aberdeen au Edinburgh akialikwa harusini, swali la kwanza linalomjia ni kama ana haki ya kuvaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, bila kuwa na jina la Kiskoti. Anayo. Hakuna sheria inayomzuia mtu asiye Mskoti kuvaa tartani, kitambaa cha mirabaraba kinachoshonewa kilti, na wenyeji wengi hufurahi wakimwona mgeni amejipinda akaivaa ipasavyo. Ipo moja tu ambayo mfumaji anayejiheshimu hatakufumia: Balmoral, iliyobuniwa na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka 1853, ambayo ni ya familia ya kifalme na mpiga zumari wa mfalme.

Swali la pili ndilo lenye kazi. Kwa pesa ulizonazo, unalipia nini hasa: jina la ukoo, uzito wa kitambaa, mkono wa fundi, au siku moja ya kukodi? Msimamo wangu nautoa mapema: lipia kitambaa na mshono, suala la jina lije baadaye. Wanaouza kumbukumbu za watalii pale Royal Mile, Edinburgh, watakuambia kinyume chake, na ili ujue kwa nini usiwasikilize sana inabidi turudi nyuma kidogo.

Tartani ya ukoo na tartani ya wote

Ukiingia duka la kilti, muuzaji atakuuliza jina lako la ukoo. Anayeitwa Campbell au MacDonald ana jibu, tena ana majibu mengi, maana koo kubwa zina tartani ya kawaida, ya mawindo na ya sherehe, na kila moja huja kwa rangi kali au zilizopauka. Anayeitwa Mushi, Otieno au Bakari hujiona amekwama hapo hapo mlangoni. Hajakwama. Utaratibu huu wa kila ukoo na tartani yake una umri wa miaka mia mbili na ushee.

Kitambaa chenyewe ni cha kale kweli. Karibu na Falkirk kilikutwa kipande cha sufu cha mirabaraba, cha rangi mbili za asili za manyoya ya kondoo, kimeziba mdomo wa chungu kilichojaa sarafu za fedha za Kirumi. Hicho ni cha karne ya 3. Kingine kilifukuliwa kwenye kinamasi cha Glen Affric, na vipimo vikaonyesha kilifumwa kati ya mwaka 1500 na 1600, tayari kikiwa na kijani na kahawia zilizotiwa kwa mimea. Ila hakuna chochote kwenye vitambaa hivyo kinachosema vilikuwa vitambulisho vya koo. Martin Martin, mzaliwa wa kisiwa cha Skye, aliandika mwaka 1703 kwamba mirabaraba ilitofautiana kisiwa kwa kisiwa, hata aliyetembea sana aliweza kukisia mtu anatoka wapi kwa kumtazama nguo. Anataja mahali, hataji ukoo. Na ni jambo la kueleweka: mfumaji wa kijijini alitumia mimea iliyoota karibu naye, na majirani zake wote walivaa kazi ya mikono ile ile.

Hata vitani hali ilikuwa hiyo. Pale Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, wafuasi wa Prince Charles Edward Stuart, walioasi wakidai kiti cha enzi cha Uingereza kwa ajili ya ukoo wake, walitambuana kwa fundo la utepe mweupe kwenye kofia. Mchoraji David Morier, aliyeichora vita hiyo, amewaonyesha watu wa nyanda za juu, yaani milima ya kaskazini mwa Uskoti, wakiwa na mirabaraba ya aina tofauti kwenye mwili mmoja: koti lake, kilti yake, soksi zake. Kama tartani ingekuwa kitambulisho, watu hao wangekuwa wa koo tatu kwa mpigo.

Baada ya kushindwa kwao ndipo vazi likageuka siasa. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1747 ilimpiga marufuku mwanamume au mvulana yeyote kuvaa mavazi ya nyanda za juu. Kosa la kwanza, miezi 6 jela. La pili, kusafirishwa ng'ambo kwenye makoloni kwa miaka 7. Waliosamehewa ni wanajeshi wa mfalme. Kikosi cha Black Watch, kilichokuwa kimeshaundwa tangu 1739, kiliendelea na kilti zake za buluu, kijani na nyeusi. Kwa hiyo mpaka sheria ilipofutwa mwaka 1782, mtu aliyekuwa na ruhusa kamili ya kutembea na kilti Uskoti alikuwa askari wa serikali ile ile iliyoipiga marufuku. Jeshi ndilo lililoifikisha kilti karne iliyofuata, na jeshi ndilo lililotaka kila kikosi kiwe na kitambaa kinachofanana.

Hapo wakaingia wafanyabiashara. Kampuni ya Wilsons ya Bannockburn, karibu na Stirling, ilikuwa inafumia jeshi na kuuza hadi ng'ambo. Mifumo mingi waliipa namba tu, kisha wakaanza kuipa majina ya miji na ya watu kwa sababu yanauzika. Daftari lao la mwaka 1819 lina mifumo zaidi ya 200. Mwaka 1815 chama cha Waskoti wa London kiliwaandikia wakuu wa koo kikiwaomba kila mmoja alete kipande cha tartani ya ukoo wake, na baadhi ya wakuu wakabaki wanaulizana tartani yao ni ipi. Mwaka 1822 Mfalme George IV akazuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akiwa ndiye mpanga sherehe, na kila mwenye cheo akatakiwa afike na tartani "yake". Mfalme mwenyewe alivaa kilti nyekundu juu ya soksi ndefu za rangi ya mwili. Wafumaji hawakulala mwaka ule.

Kisha ikaja kashfa. Ndugu wawili waliodai kuwa wajukuu wa Prince Charles walitoa mwaka 1842 kitabu cha tartani za kale walichosema kimetokana na hati ya zamani. Hati hiyo haikuwahi kuonekana, na kazi yao leo inahesabiwa kuwa ya kughushi. Ajabu ni kwamba tartani kadhaa walizozitunga zinavaliwa mpaka sasa kwa fahari, mojawapo ikiwa ile ya MacLeod wa Lewis, ya njano kali yenye mistari mipana myeusi, ambayo ukiingia nayo ukumbini hata aliye nyuma kabisa atajua umefika.

Simaanishi kwamba tartani ya ukoo ni uongo. Kitu kilichovaliwa na vizazi vinane kwenye harusi na mazishi kimeshakuwa cha kweli, kiwe kilianzia kwenye kinamasi au kwenye daftari la mwenye duka. Ninachosema ni kwamba asiye na ukoo hapungukiwi kitu.

Ya ukoo ina faida moja kubwa: inakuunganisha na watu. Ukioa kwenye familia ya Fraser, mwulize baba mkwe kama angependa uvae yao. Swali lenyewe ni heshima tosha, na jibu karibu kila mara ni ndiyo. Hasara zake ni za mfukoni na za mdomoni. Tartani ya ukoo mdogo mara nyingi haipo dukani, inafumwa kwa oda, na oda ina bei yake na miezi yake ya kusubiri. Halafu utatumia usiku mzima ukieleza uhusiano wako na ukoo huo kwa wazee wenye bilauri mkononi.

Ya wote haina maswali. Black Watch iko kila duka, kwa kila uzito, kwa kila bei. Kwa mbali inaonekana kama nguo nyeusi. Sogea karibu uone buluu na kijani zikipokezana, na pale zinapopitana panazaliwa rangi ya tatu ambayo haikutiwa na mtu. Ndiyo hesabu ya tartani zote: rangi tatu za nyuzi hutoa vivuli sita, rangi nne hutoa kumi, rangi sita hutoa ishirini na kimoja. Black Watch pia haigombani na kitenge cha mwenzako, jambo ambalo Royal Stewart, ile nyekundu ya kwenye makopo ya biskuti, hailiwezi. Royal Stewart kwa nadharia ni ya mfalme, kwa vitendo inavaliwa na kila mtu, na mimi ningeiachia makopo.

Kati ya hizo mbili kuna kundi ambalo wageni wengi hawaambiwi: tartani za mahali na za taasisi. Glasgow ina yake, Aberdeen ina yake, na vyuo vikuu vikubwa vya Uskoti vina zao. Aliyesoma Strathclyde miaka minne akivaa ya Strathclyde hana la kujieleza. Na tukimkumbuka Martin Martin, kuvaa ya mahali ndiko kuliko karibu zaidi na mila ya kale. Ipo pia tartani ya Kiislamu iliyosajiliwa mwaka 2012: buluu ya bendera ya Uskoti, kijani, mistari mitano myeupe kwa nguzo tano za Uislamu, sita ya dhahabu kwa nguzo za imani, na mraba mweusi kwa ajili ya Kaaba. Na mwenye hamu ya kuwa na yake mwenyewe anaweza kuibuni na kuisajili kwenye rejista rasmi ya serikali ya Uskoti iliyofunguliwa mwaka 2009. Ada imekuwa pauni 70. Kusajili ni rahisi. Kuifumisha ndiko kutakakokutoa jasho, kwa sababu kiwanda hakiwashi mitambo kwa ajili ya yadi mbili.

Tahadhari moja kuhusu rangi. Tartani hiyo hiyo moja utaikuta imeandikwa "ya kale", "ya kisasa" au "iliyochakaa". Maneno hayo hayasemi umri wa mfumo. "Ya kisasa" ni rangi nzito za kiwandani, "ya kale" ni zile zilizopauliwa zifanane na rangi za mimea, na "iliyochakaa" ni za kahawia na kijivu kama nguo iliyokaa ardhini. Chagua inayokaa vizuri na ngozi yako. Kwa ngozi nyeusi naona "ya kale" inang'aa kuliko zote, na nimeona watu wengi wakikubali hilo wakiisimamisha mbele ya kioo.

Yadi nane au yadi nne?

Wauzaji hupenda kusema kilti halisi ni ya yadi nane, nyingine ni za kuchezea. Historia haiwaungi mkono.

Kilti ya kwanza haikushonwa kabisa. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 watu wa nyanda za juu walivaa pande kubwa la sufu walilolikunja marinda kwa mkono, wakalifunga kwa mkanda kiunoni, na lililobaki wakalitupa begani. Mchana vazi, usiku blanketi, sawasawa na shuka la Kimasai. Ukikutana na tartani iitwayo Rob Roy, ya miraba myekundu na myeusi isiyo na kingine chochote, utadhani umeshuka Ngorongoro. Baadaye, mapema karne ya 18, sehemu ya juu ikaachwa, ikabaki ya chini. Barua iliyochapishwa mwaka 1785 ilidai kwamba mwenye wazo hilo alikuwa Mwingereza, Thomas Rawlinson, aliyekuwa na tanuri la chuma huko Glengarry na kuona vibarua wake wanahangaika na nguo ndefu. Waskoti wengi hawataki kuisikia habari hiyo, na wanahistoria bado wanaibishania.

Marinda yalianza kushonwa moja kwa moja mwishoni mwa karne ya 18, jeshini, na kilti hizo zilitumia kama yadi nne. Yadi nane zilikuja katika karne ya 19. Kwa maana hiyo ya yadi nne ndiyo kongwe.

Tofauti iko mwilini. Ya yadi nane ina marinda membamba yaliyosongamana nyuma, na ukitembea yanabembea kwa mdundo ambao nne haziwezi kuutoa; ndiyo maana wapiga zumari na wacheza ngoma za Kiskoti hawaiachi. Lakini ni mzigo. Kitambaa cha kisasa hufumwa kwa upana maradufu, kwa hiyo yadi nane ni yadi nne zilizokatwa katikati. Kwa sufu ya wakia 16 kila yadi, unabeba karibu kilo 1.8 kiunoni kabla hujaongeza mkanda. Ukumbini Inverness mwezi Januari utashukuru. Harusini Dar es Salaam mwezi Februari utajuta. Ya yadi nne au tano ni nyepesi, bei yake ni ya chini, na inafaa zaidi kwa mwenye makalio madogo au kwa anayetaka kuivaa siku ya kawaida na fulana. Kwa mtu anayenunua moja tu na anaishi Uskoti, nane. Kwa anayesafiri nayo, tano za wakia 10 au 11.

Sufu, poliviskosi, akriliki

Hapa ndipo pesa inapopotea bure, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sufu ya kilti ni ya nyuzi zilizochanwa na kusokotwa kwa kukaza, ikafumwa kwa mshazari: uzi wa mshindio unapita juu ya nyuzi mbili za mtande na chini ya mbili, kisha mstari unaofuata unasogea hatua moja. Ukiinamia nguo utaona vijistari vya mshazari vinakimbia kona kwa kona, na pale nyekundu inapokutana na nyeusi utaona nukta nukta, si rangi iliyochanganywa. Ufumaji huo ndio unaofanya rinda likipigwa pasi likae. Uzito unaofaa ni wakia 13 au 16.

Poliviskosi ni mchanganyiko wa polista na viskosi. Watu wengi huidharau bila kuishika. Iliyofumwa vizuri inaanguka karibu kama sufu ya wakia 11, inafuliwa kwa mashine, haiwashi ngozi, na wadudu hawaili. Bendi za zumari za shule huipenda kwa sababu watoto huketi kwenye nyasi. Akriliki, nyuzi za kiwandani zinazoiga sufu, ni hadithi nyingine. Zile kilti za bei ya chakula cha jioni zilizoning'inizwa nje ya maduka ya watalii nyingi ni hizo, na nyingi hushonwa Sialkot, Pakistani. Sialkot si tatizo. Mji huo una mafundi hodari na umekuwa ukitengeneza vifaa vya bendi za zumari kwa miaka mingi. Tatizo ni kitambaa. Akriliki huota vinyweleo kwenye viti, marinda yake hufumuka mvua ya kwanza, na Uskoti mvua ya kwanza haiko mbali.

Namna ya kupima ukiwa dukani, bila kumuuliza muuzaji lolote. Geuza nguo: kama mistari upande wa nyuma imefifia, ni chapa, haikufumwa. Kisha shika ncha ya chini. Kilti nzuri haina pindo. Ukingo wa chini ni ule ule ukingo wa kitambaa kilivyotoka kwenye kitanda cha mfumaji, bapa na mkavu. Kilti ya haraka imekunjwa na kupigwa cherehani chini, na kunjo hilo huyafanya marinda yasimame kama mwavuli. Halafu tazama nyuma, kiunoni kushuka hadi nyongani, mahali marinda yaliposhonwa. Fundi mzuri hukunja kila rinda kwa hesabu ili mfumo uendelee bila kukatika, kana kwamba hapakukunjwa kitu: marinda ishirini na kitu, na mraba wa kijani bado ni mraba. Kama mistari nyuma imepishana kama meno mabovu, weka chini uondoke.

Kuna mtindo wa pili halali, wa kijeshi, ambapo kila rinda hukunjwa ili mstari ule ule mmoja utokeze. Kikosi cha Gordon, ambacho tartani yake ni Black Watch yenye mstari wa njano, kilikunja kwa mstari huo. Askari akisimama nyuma yake ni safu ya njano, akigeuka inafunguka kijani. Kati ya mitindo hiyo miwili fuata macho yako.

Kilti au suruali ya tartani?

Hili halizungumzwi vya kutosha, na kwa wasomaji wa pwani lina uzito. Kilti hushuka hadi katikati ya goti, na ukiketi hupanda. Mwanamume Mwislamu anayechunga stara yake ana sababu ya kusita, na hana haja ya kukosa sherehe kwa ajili hiyo. Suruali ya tartani si njia ya kukwepa; ni vazi la Kiskoti kamili, lililovaliwa na mabwana waliopanda farasi na baadaye na vikosi vya nyanda za chini. Kikosi cha Cameronians kilivaa suruali ya tartani ya Douglas. Humo ndimo alimotumikia kijana mmoja kutoka Oman mwanzoni mwa miaka ya 1960, Qaboos bin Said, kabla ya kuwa Sultani. Aliyetembelea Muscat siku za sherehe za kitaifa na kusikia zumari za Kiskoti zikipigwa na askari wa Kiomani, wengine juu ya ngamia, anajua mambo hayo yalifika wapi.

Suruali inagharimu pungufu kwa kuwa inakula kitambaa kidogo, inavaliwa na koti lile lile, na haikuombi soksi ndefu wala viatu maalumu. Inachokosa ni ule mbembeo. Kama stara si hoja kwako, kilti.

Na kwa kuwa lazima mtu ataniuliza: ndiyo, vaa nguo ya ndani. Maduka ya kukodi yanasisitiza, na wana haki.

Kununua au kukodi

Kukodi seti nzima, yaani kilti, koti, fulana ya juu ya shati, shati, mkoba wa mbele, soksi na viatu, mara nyingi huwa kati ya pauni 80 na 150. Kilti peke yake ya sufu ya yadi nane, iliyoshonwa kwa mkono kwa vipimo vyako, mara nyingi huzidi pauni 400, nawe bado hujanunua koti wala viatu. Kwa harusi moja, kodi bila kujilaumu.

Ila kukodi kuna kasoro zake. Uchaguzi ni mdogo, kwa kawaida tartani chache ambazo duka limeziweka kwa wingi, baadhi zikiwa zimebuniwa kwa ajili ya biashara hiyo hiyo ya kukodi. Kilti ya kukodi imepita viuno vingi. Bizimu zake zimevutwa huku na huku. Na vipimo huchukuliwa haraka. Hapo ndipo wageni wanapoumia, kwa sababu tumezoea kufunga kikoi nyongani, na kilti haikai hapo. Kiuno cha kilti kiko kwenye kitovu. Ukimpa muuzaji namba ya suruali yako ya jinzi utapewa kilti inayokutoka, au inayokufika nusu ya kigimbi cha mguu ukaonekana umevaa sketi ya shule ya dada yako. Omba upimwe upya: mzunguko wa kitovuni, mzunguko wa makalio mahali pana zaidi, na urefu toka kitovu hadi katikati ya goti, ukiwa umesimama wima bila kutazama chini. Ukitazama chini goti linasogea.

Kununua kunaanza kuwa na maana ukijua utavaa mara sita au saba: mahafali yako, harusi za marafiki, usiku wa kumkumbuka mshairi wa Kiskoti Robert Burns kila tarehe 25 Januari, mkesha wa mwaka mpya. Kilti ya sufu iliyotunzwa hudumu miongo, na fundi aliyeiacha na akiba ya kitambaa anaweza kuipanua ukinenepa. Panga mapema, oda ya mkono huchukua wiki nyingi, na kabla ya msimu wa harusi zinaongezeka. Njia ya tatu, ninayoipenda kuliko zote mbili kwa mwanafunzi, ni mtumba. Maduka ya hisani ya Edinburgh na Glasgow hupata kilti za sufu nzito za wazee waliofariki au walionenepa, na maduka ya kukodi huuza za zamani mwisho wa msimu. Chukua ya makalio yanayokutosha. Kiuno hurekebishwa kwa kusogeza bizimu, makalio ni vigumu.

Vilivyobaki ni vya kupita haraka. Marinda yakae nyuma, sehemu bapa mbele, ukingo wenye nyuzi zilizoachiwa uwe mkono wa kulia. Pini iishike paneli ya juu peke yake. Ukizitoboa zote mbili kilti haitafunguka ukitembea na siku moja itachanika. Mkoba wa mbele uning'inie upana wa mkono chini ya bizimu ya mkanda. Kisu kidogo cha soksi, sgian dubh, kikae mguu wa mkono unaotumia, na kisiwe kwenye begi la mkononi uwanja wa ndege. Koti fupi jeusi ni la usiku, la rangi ya majani au kijivu ni la mchana. Wanawake kwa kawaida hawavai kilti hii bali sketi ndefu ya tartani au utepe mpana begani, na utepe huo juu ya gauni la kitenge unapendeza kuliko nilivyotarajia.

Kwa hiyo, kwa kifupi cha kufanyia kazi: mgeni wa harusi moja, kodi Black Watch na upimwe kwa makini. Mwanafunzi, tafuta mtumba wa sufu, tartani yoyote isiyokukera. Anayeoa Mskoti, sufu ya wakia 13 au 16 ya ukoo wa wakwe au ya mji mliokutana, kwa fundi wa mkono. Anayerudi Mombasa au Dar nayo, poliviskosi au sufu nyepesi ya yadi tano. Na huyo wa mwisho, kabla ya kufunga sanduku, ayapige marinda bandi kwa uzi mrefu chini na katikati, aizungushe kilti kama mkeka badala ya kuikunja, na akifika aitundike mahali penye hewa, mbali na ukuta unaolia unyevu, akiichungulia mara kwa mara kwa ajili ya nondo.